Kutembezwa Mwanza na Mkwe

Binti yangu alinipigia simu akaniambia, "Mama, njoo ukae kwetu. Si kutembea, kukaa." Mafuta yalikuwa motoni, mwiko mkononi, nikamwambia nitampigia. Siku ile sikumpigia. Nilitaka kwanza nijue kama ni yeye peke yake anayesema, au ni yeye na mumewe.

Mimi naishi Kalangalala, hapa Geita mjini, chumba kimoja na kibaraza. Asubuhi nauza maandazi na chai kwa vijana wa bodaboda na wanaowahi machimboni. Zamani nilikuwa napikia wachimbaji kule Rwamgasa, mume wangu akiwa hai na watoto wadogo, na kelele zilikuwa nyingi kuliko chakula. Sasa mume hayupo, watoto wameoa na kuolewa, yule wa mwisho ndiye huyu wa Mwanza. Maandazi yakiisha, mpaka kesho yake hakuna anayeniita. Redio naiwasha, naizima. Kuna siku nilijikuta nalisemesha jiko. Siandiki hivi ili nihurumiwe. Wapo wenye shida kunizidi, na jirani zangu ni watu wema, lakini jirani akifunga mlango wake, amefunga.

Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu nililisomea kwenye pamba ya mjomba. Nikipanga maneno vibaya mnisamehe. Nitajitahidi nimtendee kila mtu haki.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtaniona mwendawazimu. Kwetu, jinsi mama yangu alivyonilea, mama mkwe na mume wa binti yake wanaogopana. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani mmoja anapisha, anaingia hata shambani mpaka mwenzake apite. Na hawalali chini ya paa moja. Sisemi Wasukuma wote wako hivyo. Mjini wengi wameacha, na wanaishi vizuri tu. Lakini mimi jambo hili liliingia mwilini kabla halijaingia akilini, na la mwilini halitoki kwa kuambiwa.

Mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Kwao mama mkwe anataniwa, anakumbatiwa, anaitwa mchumba. Siku ya harusi yao nilijifunika kanga nikakaa upande wa akina mama, yeye akadhani nina haya. Ni fundi wa mashine za barafu, zile za kuhifadhia samaki. Kiswahili chake kitamu, mtu unasikiliza hata kama hakuna anachosema.

Nilikwenda. Binti yangu alisema nije nionje kwanza, halafu tuone. Kwa hiyo nilijua, na yeye alijua, kwamba zile siku chache ndizo zitakazoamua kama nitahamia kwao au nitarudi kwenye chumba changu. Kama mkwe wangu alijua hivyo pia, sikuwa na namna ya kumuuliza.

Nyumba yao iko mlimani, katikati ya mawe, kama nyumba nyingi za Mwanza. Njia ya kupandia ni nyembamba, jiwe huku na jiwe huku. Jioni ile ile niliyofika nilitumwa chumvi dukani. Nikiwa njiani nashuka, nikamwona mkwe wangu anapanda, begi la vifaa begani. Pa kupisha hapakuwepo. Kushoto jiwe, kulia jiwe. Nikageuka nikapanda tena haraka mpaka nyumbani, nikaingia jikoni nikihema.

"Mama, chumvi iko wapi?" binti yangu akauliza.

"Duka limefungwa."

Mkwe akaingia, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. "Mama yako ameniona akakimbia."

"Hakukuona," binti yangu akamjibu. "Macho yake siku hizi hayafiki mbali."

Pa kulala alishanipangia, kwa jirani yake, mjane wa Kihaya mwenye chumba cha ziada. Nilimshukuru Mungu kwamba mwanangu hakusahau malezi. Baadaye ndipo nikajua kwamba yeye alimpa mumewe sababu nyingine kabisa, kwamba mimi nakoroma sana na mtoto hatalala. Mtoto ana miezi tu, mjukuu wangu wa kike, mzito kama mfuko wa mchele. Sikumlaumu binti yangu. Amesoma kuliko mimi, anafanya kazi na watu wa kila kabila, na nadhani aliona aibu kueleza. Labda na mimi ningeona.

Keshokutwa yake mkwe akaomba ruhusa kazini ili anitembeze mji. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mgeni wa Mwanza hawezi kurudi hajaona jiwe la ziwani, hajafika kisiwani, hajala samaki penyewe pa kulia samaki. Alivaa shati lake la sikukuu. Nilimwona kupitia dirisha la jirani akipiga viatu rangi juu ya jiwe, nikajisikia vibaya, maana nilijua siku itakuwa ngumu kwetu sote.

Tulianza na lile jiwe lenye jina la Mjerumani. Wengi mmeliona, hata kwenye picha. Mawe yamebebana ndani ya maji, lile la juu limesimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wapo vijana pale wenye kamera. Mmoja akatupanga: binti yangu na mtoto katikati, mkwe kulia, mimi kushoto. Nilisimama mbali kidogo.

"Mama, sogea kwa wanao," akasema. "Mbona kama mmegombania shamba?"

Watu wakacheka. Nikasogea kidole kimoja.

"Mama, ukibaki hapo utatoka nusu."

"Nusu inatosha," nikasema.

Mkwe wangu alicheka na wengine, lakini alitazama chini. Ile picha wanayo. Nimetoka nusu kweli.

Kisha tukaenda kupanda boti ya kwenda kisiwani, ambako wanasema kuna swala na pundamilia, na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Tulivalishwa makoti ya kuelea. Mkwe akatangulia, akampokea mtoto, binti yangu akaingia. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kwenye ubao mwembamba, ubavuni kwa mkwe wangu. Akanyoosha mkono anishike nisije nikateleza. Mkono ule ulikuwa wa wema mtupu, na mimi nikarudi nyuma.

"Mama anaogopa maji?" akamuuliza mkewe.

Binti yangu akanitazama, nikamtazama. "Ndiyo," akasema. "Anaogopa maji."

Mimi nimevuka Busisi kwa kivuko tangu sijaolewa, na mawimbi ya pale wenyewe mnayajua. Lakini nikavua lile koti nikakaa juu ya ukuta wa gati. Boti ikaondoka. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake mpaka uso ukawa doa. Nilikaa pale muda mrefu. Walikuja wageni wengine, familia nzima, bibi yao wamemshika mikono huku na huku, wanamcheka kwamba amenenepa na boti itazama. Yule bibi naye akawatukana kwa furaha. Niliwatazama kuliko nilivyotazama ziwa.

Waliporudi, mkwe alikuwa hasemi sana. Tukaenda kula samaki. Wakaleta sato mmoja mkubwa na ugali, sinia moja. Mkwe akamega sehemu nono, ile ya karibu na kichwa, akaiweka upande wangu. Niliomba sahani, nikabeba changu nikaenda kukaa pembeni, nimewapa mgongo, nimeelekea ziwani. Nikamsikia mama muuzaji akimwambia mwenzake, "Bibi kagoma." Nikamsikia na mkwe wangu.

"Nimemkosea nini?" alisema. "Niambie tu. Kama hataki kuishi nami aseme, nisije nikamleta mtu nyumbani kwangu akanichukia humo humo ndani."

Nilimsikia binti yangu akianza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka niseme. Lakini kugeuka kwenyewe kumwambia mkwe uso kwa uso kwamba siwezi kumtazama uso kwa uso, mtu anaanzaje? Sato alikuwa mtamu, sikatai. Nilimla bila kuhisi.

Nilidhani safari imeisha, ila mkwe alikuwa ameweka akiba. Alitaka anipeleke kwenye makumbusho ya kabila letu, nje ya mji, njia ya Kisesa. Alisema, akimwambia mkewe, "Labda huko atafurahi. Ni kwao." Tukapanda bajaji. Yeye alibanana mbele na dereva, sisi nyuma, na nadhani aliona jinsi nilivyopumua.

Makumbusho ni mahali pazuri. Kuna ngoma kubwa kuliko ngoma nilizowahi kuona, na viti vya watemi waliotutawala, na nyumba ya msonge imejengwa kama zilivyokuwa zamani. Alituongoza mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, sauti iliyozoea wageni. Walikuwepo na wanafunzi wachache. Tulipofika kwenye msonge, mimi nikabaki nje karibu na ukuta, mkwe na binti yangu wakaingia na wengine.

"Hapa ndipo moto," yule mama akasema. "Kule nyuma analala mwenye nyumba. Na wewe kaka, kama ungekuwa umeoa humu, usingefika hapo uliposimama."

Mkwe akacheka. "Kwa nini? Nina deni?"

"Mama mkwe akiwa ndani, mkwe haingii. Hamshikani mikono, hamli pamoja. Mkikutana njiani anakupisha au unampisha."

"Wana ugomvi gani?"

"Ugomvi wapi. Ni heshima hiyo. Kwa wazee wetu, mama mkwe akikukazia macho na kula nawe sinia moja, ujue hajakuhesabu kuwa mkwe. Anayekukimbia ndiye amekukubali."

Nilisikia mjukuu wangu akipiga kite.

"Na wakiwa na neno la kuambiana?" mkwe akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wanamtuma mtoto. Hata kama mtoto hajajua kusema. Kwani wewe umeoa wapi, kaka?"

"Huku huku," akasema.

Yule mama akachungulia mlangoni, akaniona mimi pale ukutani na kanga yangu imeshuka usoni. "Ng'wadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. Nikaitikia. Akanitazama, akamtazama mkwe, akapiga makofi. "Basi mimi sina kazi leo. Kaka umekuja na makumbusho yako mwenyewe."

Wanafunzi walicheka sana. Na mimi nilicheka, lilikuwa neno la kuchekesha na hakulisema kwa ubaya. Ila lilinikaa. Niliangalia zile ngoma ambazo hakuna anayezipiga tena na vile viti ambavyo hakuna anayevikalia, nikajiona na mimi nimepangwa nao.

Getini, tukisubiri bajaji, mkwe wangu alisimama mbali, amegeukia barabarani. Akamwambia mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, "Mwanangu, muulize bibi. Tangu siku ya harusi alikuwa ananiheshimu?"

Mtoto alikuwa anatafuna pindo la kanga.

"Mwambie baba, ndiyo," nikasema.

"Mwambie bibi nilidhani ananichukia."

"Mwambie baba kwamba bibi hakujua kuwa yeye hajui."

"Sasa muulize mama yako," akasema, "kwa nini aliniambia bibi anakoroma."

Binti yangu akaficha uso. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na yule mtoto naye akaanza kucheka bila kujua cha kuchekea. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote katika safari yangu. Nikasema moyoni, basi nitahamia. Yameisha.

Hayakuisha. Nitaeleza kwa haki, maana hapa hakuna aliyekosa. Watu wa Tanga wana adabu, na mkwe wangu akijifunza kitu anakifanya mpaka mwisho. Akitoka kazini alipiga mluzi pale kwenye kona ya mawe ili nijue nisishuke. Nikiwa sebuleni hakuingia. Chakula chake alipelekewa nje, akala juu ya jiwe, bakuli gotini. Jioni moja mvua ilinyesha nyepesi, nikamwona dirishani anahama na bakuli lake, anajibanza chini ya bati. Amekaa kutwa nzima kwenye baridi ya barafu, anakuja kwake, anakula kwenye mvua. Jirani akapita akamtania, "Vipi bwana, umefukuzwa?" Akajibu, "Nina mgeni mzito." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayejivunia.

Alimtuma mtoto aniambie atanijengea kijumba changu nyuma ya nyumba, nisiwe chini ya paa lake, nisilale kwa watu. Nyuma ya nyumba kuna jiwe lenye ukubwa wa chumba. Jumamosi akawasha moto juu yake, akalimwagia maji lipasuke, akaligonga kwa nyundo. Likatoka gamba jembamba kama ganda la yai. Mimi nimekaa na wachimbaji, jiwe nalijua. Lile si la mwaka mmoja, wala si la mtu mwenye kazi nyingine.

Nikasema, basi nijaribu mimi. Yeye amebadilika, kwa nini mimi nisibadilike? Nikamwambia binti yangu atandike sebuleni, sote. Alifurahi mpaka akapika wali. Nikakaa kwenye kochi, mkwe akakaa upande wa pili, tumetazamana. Nikachukua tonge. Wali ukamwagika kwenye kanga. Nikachukua lingine, likafika kooni likakataa. Sikuwa na hasira wala dharau. Ni kama kuambiwa uvue nguo barabarani, na wote wanaokuambia ni watu wanaokupenda. Mkwe wangu aliona. Akachukua sahani yake kwa upole, akatoka nje kwenye jiwe lake, kana kwamba amekumbuka kitu.

Asubuhi nikamwambia binti yangu kwamba narudi Geita.

"Kurudi kuchukua vitu?"

"Kurudi."

Akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa. "Mayu," akasema. Ni mama kwa Kisukuma, na hilo huniita akikasirika. "Yule anapasua mwamba kwa ajili yako. Unaniacha kwa sababu ya mila?"

"Mwanaume asile mvuani nyumbani kwake."

"Hajalalamika."

"Ndiyo maana."

"Basi acha hayo mambo. Wenzako wameacha."

"Nilijaribu jana. Si uliona?"

"Ulijaribu mara moja tu, ukakata tamaa." Akafuta macho kwa soksi ya mtoto. "Huko Geita nani anakusubiri?"

Nikaanza kupanga kanga zangu begini. Kilichonirudisha sikijui mpaka leo ninapoandika. Huenda ni mila. Huenda ni kiburi kimevaa nguo za mila. Huenda ningekaa wiki nyingine koo lingefunguka, na sasa ningekuwa namwogesha mjukuu wangu badala ya kuandika. Najua tu kwamba pale palikuwa na watu wawili wanaoheshimiana sana, na nyumba ilikuwa ndogo kwa heshima yote ile.

Walinisindikiza stendi. Mkwe alibeba begi langu, akatangulia mbele sana, binti yangu na mtoto katikati, mimi nyuma. Tulipofika kwenye gari la Geita hakunipa mkononi. Aliliweka chini, pale nitakapopita, akarudi nyuma hatua kadhaa akageuzia uso pembeni. Nikaenda nikaliokota.

Konda akamkemea. "Wewe kaka, mpe mama mzigo wake mkononi. Mbona unamtupia chini kama mbwa?"

"Mwache," nikamwambia. "Huyo ni mkwe wangu."

Konda akanitazama, akamtazama yeye. "Aa," akasema. "Shikamoo, mama." Akanitafutia kiti cha dirishani.

Gari lilipoondoka sikupunga mkono, na mkwe wangu hakupunga. Binti yangu ndiye aliyepunga kwa niaba yetu, ameushika mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, anauinua na kuushusha.